Kabla Hujauza Shamba: Tundu la Moyo wa Mtoto na Njia ya Mshipa

Mara nyingi habari yenyewe huanzia kliniki. Mtoto amepelekwa kuchanjwa, au ana kikohozi kisichoisha, na tabibu akimwekea kipimo kifuani anasikiliza mara mbili, anakisogeza chini ya chuchu ya kushoto, kisha anauliza: "Mama, mmewahi kuambiwa huyu ana shida ya moyo?" Kabla mwezi haujaisha, nyumba nzima inazungumzia tundu. Kikao kimeitwa. Wengine wanataka kipande cha shamba kiuzwe, wengine wanataka mjomba aliye Muscat apigiwe simu, na kuna anayesema amesikia huko India wanatibu vizuri.

Kikao hicho kimeitwa mapema mno. Kabla ya pesa kuna maswali matatu: tundu liko wapi, lina ukubwa gani na kingo zake zikoje, na mishipa ya mapafu iko katika hali gani. Majibu yake ndiyo huamua kama mtoto ataachwa tundu lijizibe lenyewe, au atazibwa kwa katheta, bomba jembamba linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, na kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, au atapasuliwa kifua. Familia iliyo na majibu hayo kwa maandishi huokoa pesa, na huokoa muda, ambao kwa moyo wa mtoto ni ghali zaidi.

Si kila sauti ni tundu

Tuanze na la kutuliza roho. Sauti ya ziada kifuani haithibitishi tundu. Watoto wengi wenye moyo mzima husikika nayo, hasa wakiwa na homa, nayo hupotea wanapokua. Huku kwetu pwani kuna sababu nyingine iliyo ya kawaida sana: upungufu wa damu. Malaria, safura na selimundu hupunguza damu, moyo hulazimika kwenda mbio, na sauti hiyohiyo husikika. Kwa hiyo mtoto apimwe damu kwanza kwenye kituo cha karibu, kabla hamjapanda matatu ya Likoni. Kuna pia ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao huwapata zaidi watoto wa umri wa shule baada ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Huo mtu hazaliwi nao, na kifaa cha kuzibia matundu hakiusaidii.

Kinachotoa jibu ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile ambayo hospitalini huitwa eko. Ni mashine ya aina ileile inayompima mjamzito: jeli ya baridi kifuani, kidude kinachosogezwa huku na huku, na picha ya moyo ukidunda kwenye skrini. Haina sindano wala maumivu. Kinachoiharibu ni mtoto anayelia na kujinyonganyonga, basi mpeleke akiwa ameshiba, na kama ananyonya, mama akae karibu.

Matatizo ya moyo ya kuzaliwa nayo si adimu. Humpata takriban mtoto mmoja katika kila 100 wanaozaliwa hai, kwingineko duniani kama ilivyo Kinango na Lunga Lunga, na mengi si makali. Moyo hujiumba katika wiki nane za mwanzo za mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Zipo sababu zinazojulikana, kama rubela au kisukari kisichodhibitiwa kwa mama, lakini kwa watoto wengi hakuna sababu moja inayoweza kutajwa.

Nalisema hili kwa sababu ya chirwa. Katika vijiji vya Wamijikenda, mtoto anayekonda bila sababu ya wazi husemwa ana chirwa, na chirwa husemwa imeletwa na mzazi aliyetoka nje ya ndoa. Mama hutazamwa kwa jicho baya, naye kwa aibu huacha kwenda kliniki. Mtoto mwenye tundu kubwa hukonda kwa sababu anatumia nguvu zake zote kupumua, na chakula anachokula hakimtoshi. Baba akilijua hilo na akalisema mbele ya wazee, amemtetea mkewe na amempa mtoto nafasi ya kutibiwa.

Mtazame anaponyonya

Kwa mtoto mchanga, dalili kubwa huonekana kwenye titi. Huvuta mara chache, huliachia, huhema, hulirudia, huliachia tena. Paji la uso na kisogo vinalowa jasho hata asubuhi ya kusi, wakati wenzake wamefunikwa shuka. Mfungue nguo umtazame kifua: nyama za katikati ya mbavu zinazama ndani kila anapovuta pumzi. Baada ya nusu saa amechoka na kulala kabla ya kushiba. Kisha fungua kijitabu cha kliniki uangalie mstari wa uzito. Kama kwa miezi miwili au mitatu umelala badala ya kupanda, na mtoto ameshalazwa kwa nimonia zaidi ya mara moja, omba moyo wake upimwe. Usingoje uambiwe.

Rangi ya buluu hukaguliwa kwenye ulimi na ufizi, kwani kwenye ngozi nyeusi vidole hudanganya. Mtoto ambaye ulimi wake ni wa buluu, au anayechuchumaa ghafla akicheza ili apate pumzi, huenda ana tatizo lenye sehemu kadhaa na si tundu peke yake. Huyo huhitaji kumwona daktari upesi zaidi, na kwa kawaida tiba yake ni upasuaji. Mtoto mwenye sindromu ya Down pia apigwe eko hata kama ananenepa na kucheka, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo.

Kuna mambo mawili ya mitaani ya kukwepa. Mtoto anayekohoa sana hupelekwa kukatwa kimeo, na anayesumbuliwa na pumzi huchanjwa chale. Kimeo hakisababishi kikohozi hiki. Kidonda cha kooni hutoka damu na kuvimba kwa mtoto ambaye tayari anapigania pumzi, na wembe usio safi huingiza vijidudu ambavyo vinaweza kwenda kukaa kwenye moyo wenye tundu. Dua na kombe ni imani ya mtu na hazigombani na eko. Dawa za mizizi za kunywa ni jambo jingine, kwa sababu baadhi hugongana na dawa za moyo. Kama zimetumika, mwambieni daktari bila kuficha.

Swali la kwanza: liko wapi?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta unaotenganisha upande wa kulia, unaopeleka damu mapafuni, na upande wa kushoto, unaoisukuma kwenda mwilini. Tundu lililo kwenye ukuta wa vyumba vya juu huandikwa ASD kwenye karatasi ya kipimo. Lililo kwenye ukuta wa vyumba vya chini huandikwa VSD. PDA si tundu la ukutani: ni mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu. Mtoto aliye tumboni anauhitaji, kwa kuwa hapumui kwa mapafu. Akizaliwa hujifunga katika siku za mwanzo, na usipojifunga damu huendelea kuvuja kwenda mapafuni.

Herufi hizo tatu zikaririni, maana ndizo zinazoamua njia. PDA ndiyo inayokubali katheta kwa urahisi zaidi, na vituo vingi leo huanza na njia hiyo. ASD iliyo katikati ya ukuta pia huzibwa vizuri kwa katheta. Ile iliyo chini kabisa karibu na vali, au juu kabisa penye mlango wa mshipa, kwa kawaida ni ya mpasuaji. VSD ni mchanganyiko: iliyo ndani ya msuli huweza kuzibwa kwa kifaa, lakini iliyo chini ya vali ya mshipa mkuu huachiwa kisu. Iliyo karibu na njia ya umeme wa moyo hupimwa kwa makini sana, kwani kifaa kikibana njia hiyo mapigo huvurugika na mtoto anaweza kuhitaji mashine ya kuyaendesha.

Swali la pili: lina ukubwa gani, na kingo zake zikoje?

Ukubwa hutajwa kwa milimita. ASD iliyo chini ya milimita 5 kwa mtoto mchanga mara nyingi hujiziba. Iliyozidi milimita 8 ni nadra kujiziba. VSD ndogo za kwenye msuli nyingi hufunga zenyewe katika miaka ya mwanzo. Kwa watoto hawa tiba ni kurudi kliniki kwa tarehe iliyoandikwa. Wazazi husikia "tutaangalia" wakadhani wamefukuzwa, nao huacha kurudi. Daktari akisema tusubiri, mwulizeni tunasubiri nini, hadi lini, na dalili gani ikitokea tusingoje tarehe.

Kingo ni habari ya kushikilia. Kifaa hukaa kwa kubana nyama iliyozunguka tundu, na kwa ASD madaktari hutafuta ukingo wa takriban milimita 5 au zaidi pande zilizo nyingi. Tundu la wastani lisilo na ukingo linaweza kushindikana, na kubwa lenye kingo nzuri likawezekana. Kwa hiyo hadithi ya jirani, kwamba wa kwake alizibwa bila kisu, haiwaambii lolote kuhusu wa kwenu.

Uzito nao umo humuhumu. Kwa ASD isiyomsumbua mtoto, vituo vingi hupenda afike kilo 15 hivi, ambazo wengi huzifikia kati ya miaka mitatu na mitano. Kwa PDA hata mtoto wa kilo 6 huzibwa bila tabu kubwa. Mtoto mdogo mwenye VSD kubwa mara nyingi hawezi kungoja uzito wa katheta, na swali la tatu linaeleza kwa nini.

Swali la tatu: mapafu yakoje?

Upande wa kushoto wa moyo una nguvu kuliko wa kulia, kwa hiyo damu hupita tunduni kutoka kushoto kwenda kulia na kuyafurikia mapafu. Mishipa ya mapafu haikuumbwa kwa mafuriko hayo. Huanza kuwa minene na migumu, na presha ndani yake hupanda. Ikiendelea hivyo, presha ya kulia huishinda ya kushoto, damu yenye oksijeni kidogo huvuka kwenda mwilini, na midomo hugeuka buluu. Hapo tundu limeshakuwa mlango wa dharura wa moyo. Kuliziba ni kumuua mgonjwa, na hakuna daktari mwaminifu atakayekubali, hata mkileta pesa za mashamba matatu.

Kwa ASD safari hiyo huchukua miongo. Kwa VSD kubwa au PDA kubwa inaweza kuanza kabla mtoto hajamaliza mwaka wa pili. Ndiyo maana VSD kubwa hutakiwa kurekebishwa katika mwaka wa kwanza, hata kama njia ni kupasua kifua. Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata wazazi makini. Mtoto aliyekuwa akihema na kutoka jasho anatulia, anapata mwili kidogo, na nyumbani watu wanashukuru. Wakati mwingine ametulia kwa sababu tundu limepungua. Wakati mwingine ametulia kwa sababu presha ya mapafu imepanda na mafuriko yamezuiwa. Kwa macho hali hizi mbili hazitofautiani, kwa hiyo mtoto aliyetulia arudishwe kwenye eko.

Kinachofanyika ndani ya chumba cha katheta

Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari hutoboa kwa sindano kwenye kinena, penye mshipa unaopanda hadi moyoni, na kifua hakiguswi. Huingiza waya laini, na juu ya waya huo bomba jembamba, ndiyo katheta. Kwa ASD, kwenye skrini za eksirei na eko ncha yake huonekana ikifika chumba cha juu cha kulia, ikivuka tundu na kuingia kushoto. Ndani ya bomba kuna kifaa kilichokunjwa, kilichofumwa kwa nyuzi za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaolirudia umbo lake ukiachiwa. Kikifunguka huwa kama vifungo viwili vya shati vilivyoungwa kwa shina fupi.

Sahani ya kwanza hufunguliwa upande wa kushoto na kuvutwa polepole hadi iguse ukuta. Ya pili hufunguliwa upande wa kulia, na ukuta unabanwa katikati. Bado daktari hakiachii. Hukivuta, hukisukuma, na mwenzake kwenye eko hutazama kama damu ingali inapenya au kama vali imeguswa. Kisipokaa vizuri hurudishwa ndani ya bomba na kazi huanza upya, au hutolewa kabisa. Kikikubali, waya huzungushwa, hulegea na kutolewa. Kitobo cha kinena hukandamizwa damu ikome. Katika miezi mitatu hadi sita inayofuata, nyama ya moyo huota juu ya kifaa na kukifunika.

Kwenye kikao cha familia pengine atatokea mzee wa kusema kwamba mtoto wao hatafanyiwa majaribio. Ana haki ya kujibiwa kwa ukweli. Werner Porstmann alikuwa akiziba PDA kwa katheta huko Berlin Mashariki katika miaka ya 1960. Mwaka 1975 Terry King na Noel Mills wa New Orleans waliziba ASD ya kwanza kwa njia hii. Kifaa cha nitinoli cha Kurt Amplatz kilianza kutumika kwa binadamu katikati ya miaka ya 1990, na Marekani ilikiidhinisha mwaka 2001. Mjini La Paz, Bolivia, daktari Franz Freudenthal alibuni vifaa ambavyo wanawake wa Kiaymara huvifuma kwa mikono. Hii ni tiba iliyokomaa, nayo imefika hata kwa watoto wa nchi zisizo tajiri.

Hatari zipo na zisemwe. Kifaa kinaweza kung'oka na kwenda na damu, mshipa wa kinena unaweza kuvuja, mapigo yanaweza kuvurugika. Ni kwa wachache, lakini ndiyo sababu ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: je, hospitali hii ina daktari wa kupasua moyo aliye tayari kama kifaa kikikataa? Mwambieni daktari pia kama mtoto au mtu wa ukoo huota upele akivaa hereni au saa ya madini ya bei rahisi, kwa sababu ya ile nikeli.

Njia ya kutoka Kwale, na pesa

Mpango wa rufaa huanzia kituo cha karibu, huenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyo Msambweni, kisha Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, na baadaye Nairobi. Kazi ya kuziba kwa katheta hufanywa katika hospitali kama Mater, Aga Khan na Kenyatta. Wa Vanga na Lunga Lunga wenye jamaa Tanga na Dar es Salaam wanaweza pia kuuliza katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambayo hufanya kazi hii na ambako mambo yote huelezwa kwa Kiswahili. Bima ya Kenya isichukuliwe kuwa itavuka nanyi Horohoro. Ulizeni kwanza.

Safari ya mtoto anayehema ipangwe. Barabara ya Dongo Kundu huwafikisha Miritini, kilipo kituo cha treni, bila kusimama kwenye foleni ya feri. Kama mtoto ana ulimi wa buluu au anatumia oksijeni, asisafirishwe kwa basi la usiku kwa sababu tu ni rahisi. Daktari anayeandika rufaa aseme asafiri vipi.

Karatasi ziandaliwe mapema. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF, na mtu hujisajili kwa kubonyeza *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini. Mtoto aongezwe kwa jina kama mtegemezi. Hapa wengi hukwama, kwa sababu mtoto alizaliwa nyumbani na hana cheti. Anzeni kwa naibu wa chifu, ambaye huandikisha vizazi vya nyumbani, na mlifanye hilo wiki mtoto alipogunduliwa, msingoje wiki ya kulazwa. Michango iwe imelipwa, na kibali cha bima kiombwe na hospitali kabla ya tarehe ya kazi.

Kisha ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi, na myasome kwa kidole. Je, bei ya kifaa imo? Dawa ya usingizi, kitanda na eko ya siku ya pili je? Kifaa peke yake ni sehemu kubwa ya gharama, na makadirio yasiyokitaja huleta kilio mlangoni. Ulizeni bima inalipa kiasi gani cha jumla hiyo. Kinachobaki ndicho cha kuchangishwa. Mara nyingi ni kidogo kuliko kile ambacho kikao kilikiogopa, na pengine shamba halihitaji kuguswa.

Kuna misaada ya kweli. Mater huandaa mbio za kila mwaka za kuchangia watoto wa moyo, na timu za madaktari wa kigeni hufika mara kwa mara katika hospitali za Afrika Mashariki kufanya kazi hii pamoja na wenyeji. Shirika la Gift of Life la Rotary lilianza mwaka 1975 na mtoto wa Uganda aliyetibiwa New York, na Save a Child's Heart limewahudumia watoto wengi wa Zanzibar. Orodha za timu hizi hujazwa kwa taarifa za eko, hivyo mwenye ripoti kamili na simu inayopatikana yuko mbele ya mwenye barua ya "tundu la moyo" tu. Mkichangisha, namba ya kulipia iwe ya hospitali, na picha ya mtoto isisambazwe ovyo. Matapeli huzichukua na kuweka namba zao.

Wakati wa kungoja

Lengo ni uzito na moyo uliotulia. Mchanga anyonye mara nyingi, kidogo kidogo, hata maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe akichoka kuvuta. Aliyeanza kula atiwe kijiko cha mafuta kwenye uji, karanga iliyosagwa, tui la nazi kwenye viazi na mchicha. Dawa za kupunguza maji na kuusaidia moyo zitolewe kwa kipimo na saa ileile, na zisikatishwe kwa sababu mtoto anacheza. Ameweza kucheza kwa sababu ya dawa hizo. Chanjo zote zikamilishwe. Na mpelekeni kwa daktari wa meno: jino bovu ni mlango wa vijidudu, na kazi ya katheta huweza kuahirishwa kwa ajili yake.

Mkirudi nyumbani

Kwa wiki moja kitobo cha kinena kiwe kikavu, kwa hiyo bahari ya Diani ingoje. Kwa wiki kadhaa asicheze mpira wala asipande mwembe, mpaka daktari amruhusu. Damu ikitoka kinenani, kandamizeni kwa nguvu na mwende hospitali mkiwa mmekandamiza. Mapigo yakienda mbio, akizirai, au akilalamikia kifua, ni dharura.

Kwa kawaida mtoto hupewa aspirini ya kipimo kidogo kwa miezi sita ili damu isigande kwenye kifaa. Hapa pwani panahitaji tahadhari ya ziada. Homa ya dengi huzuka Mombasa na maeneo jirani, nayo huandamana na hatari ya kuvuja damu ambayo aspirini huiongeza. Mtoto akipata homa, kituoni sema mara ya kwanza kabisa: ana kifaa moyoni na anatumia aspirini. Apimwe malaria, na dengi ifikiriwe. Homa ishushwe kwa parasetamoli. Aspirini isiongezwe, na ibuprofeni asipewe bila daktari. Akipata tetekuwanga au mafua makali, pigeni simu kliniki kabla ya kumpa dozi inayofuata. Homa isiyo na sababu inayokwenda siku nyingi yaweza kuwa maambukizi ya moyo, na huchunguzwa kwa vipimo vya damu kabla ya antibiotiki kumezwa ovyo. Katika miezi hiyo sita, jino likitaka kung'olewa, dawa ya kinga itolewe kwanza.

Watu wazima wasijisahau

ASD hukaa kimya. Wapo wanaoigundua wakiwa na miaka 30 au 40, wakianza kuhema kwenye ngazi au moyo kwenda ovyo, na wengine huibuliwa na ujauzito. Kama mapafu yanaruhusu, kuziba kwa katheta huwasaidia hata umri huo. Mwanamke mwenye tundu kubwa aonane na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba, maana presha kubwa ya mapafu wakati wa ujauzito inaweza kumuua. Kwa wanaozamia na mitungi kule Diani na Shimoni: takriban mtu mmoja katika wanne ana kijitundu kidogo cha tangu tumboni kati ya vyumba vya juu. Kwa wengi hakina neno, lakini mzamiaji anayeumwa mara kwa mara baada ya kupanda juu, ingawa amefuata taratibu, apimwe.

Leo, kesho na mwezi ujao

Mwenye mtoto mchanga anayetoka jasho titini na kuvuta mbavu asisubiri siku ya kliniki, aende leo. Mwenye mtoto aliyegunduliwa tayari lakini hana ripoti ya eko mkononi, kesho akaombe nakala na picha zake, kwa kuwa ni haki yake. Aliyeambiwa tundu halizibiki kwa sababu ya mapafu, aombe daktari wa moyo wa watoto amthibitishie, pengine kwa kupima presha ndani ya mishipa yenyewe kwa katheta, kabla ya kukata tamaa au kwenda kwa anayeahidi bila kupima.

Na kwa wote: andikeni nyuma ya kijitabu cha kliniki herufi za tundu, milimita zake, hali ya mapafu, dawa, na tarehe ya eko iliyopita. Siku ya homa ya usiku, anayemkimbiza mtoto hospitali huenda akawa bibi au jirani mwenye bodaboda, na mambo hayo matano ndiyo daktari wa zamu atakayoyauliza kwanza.